Hospitali zisiwe mahali pa kuongezewa maradhi

Mtu akivunjika mguu hupelekwa hospitalini ili mguu uungwe. Hakuna anayetarajia kwamba huko atapata ugonjwa mwingine ulio mbaya kuliko ule uliompeleka. Hata hivyo, hilo ndilo lililompata mdogo wangu, na ndilo linalowapata wagonjwa wengi ambao jamaa zao hawaambiwi lolote.

Mdogo wangu ni mwashi. Alianguka kutoka kwenye jukwaa la mbao alipokuwa akipiga lipu ukuta wa ghorofa ya pili, akavunjika mguu chini ya goti. Katika hospitali moja ambayo sitaitaja alipokewa vyema. Alidungwa sindano ya kutuliza maumivu, akatundikiwa dripu, na siku ya pili mguu ukanyooshwa na kufungwa plasta. Dripu ilipokwisha, chupa iliondolewa. Lakini ile sindano ya plastiki iliyoingizwa kwenye mshipa wa mkono iliachwa pale pale, imeshikiliwa kwa utepe.

Mama aliuliza mbona haitolewi. Akajibiwa kwamba huenda itahitajika tena. Haikuhitajika.

Siku ya tano mkono ulianza kuvimba na kuwa mwekundu. Siku ya sita alishikwa na homa na kutetemeka kwa baridi kali, akapewa dawa za malaria. Siku ya saba alikuwa akiweweseka, hata mama aliyemzaa hamtambui. Daktari aliyepita asubuhi hiyo aliubandua ule utepe, na usaha ukatoka mahali sindano ilipoingilia. Damu ilipopelekwa maabara ikaoteshwa, ilionekana kuwa na bakteria waitwao stafilokokasi.

Mtu ambaye angerudi nyumbani wiki ile ile na magongo yake alilala kitandani wiki tano. Dawa alizoandikiwa zilikuwa ghali, na mama aliuza ng'ombe wake wa maziwa ili zilipwe. Mdogo wangu alipona. Nashukuru. Lakini tangu siku hiyo sijaacha kujiuliza: ni wangapi ambao hawakupona, na ambao cheti cha kifo kiliandikwa tu jina la ule ugonjwa waliokuja nao?

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Sisi tumeudharau mwiba huu kwa muda mrefu mno.

MLANGO ULIO WAZI

Kwanza yafaa ifahamike tunazungumzia nini. Wengi wetu tukisikia kwamba mtu ameambukizwa kwenye damu hospitalini, mawazo yetu hukimbilia virusi vya ukimwi na damu ya kuongezewa. Hilo ni jambo jingine. Hapa tunazungumzia bakteria wa kawaida, ambao wengine wanaishi juu ya ngozi zetu, puani na matumboni mwetu bila kutudhuru. Hudhuru wanapopata njia ya kuingia ndani ya damu.

Ngozi ndiyo ukuta wetu. Ukuta huo ukiwa mzima, bakteria hubaki nje. Lakini mgonjwa akilazwa, ukuta huo hutobolewa mara nyingi. Hutobolewa na sindano ya dripu, na mpira mrefu unaoingizwa kwenye mshipa mkubwa wa shingoni au kifuani kwa mgonjwa mahututi, na kisu cha upasuaji. Mpira wa mkojo nao huacha njia nyingine. Kila kitu cha aina hiyo ni mlango, na kadiri kinavyokaa mwilini ndivyo mlango unavyobaki wazi.

Bakteria wakifika kwenye plastiki ya sindano au mpira hujishikiza hapo, wakajitengenezea utando mwembamba wa kujifichia. Ndani ya utando huo dawa haziwafikii vyema, wala askari wa mwili hawawapati kwa urahisi. Ndiyo maana mara nyingi mgonjwa hapati nafuu kwa dawa peke yake mpaka mpira wenyewe utolewe.

Wanapoenea kwenye damu, mwili hupigana nao kwa nguvu kiasi cha kujiumiza wenyewe. Moyo hupiga mbio, pumzi huwa za haraka, mkojo hupungua, akili huchanganyika, na msukumo wa damu hushuka. Hapo saa chache tu zinaweza kuamua kama mgonjwa ataishi au atakufa.

Walio katika hatari kubwa zaidi ni wale wasio na nguvu ya kupigana: watoto wachanga, hasa waliozaliwa kabla ya wakati, watoto wenye utapiamlo, wazee, wagonjwa wa saratani na wale walio katika chumba cha wagonjwa mahututi.

TAKWIMU ZA KILIFI

Huenda msomaji akasema kwamba mambo haya ni ya bahati mbaya na hutokea mara moja moja. Tusikilize waliohesabu.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022, lilieleza kwamba katika nchi tajiri wagonjwa 7 kati ya kila 100 wanaolazwa hupata angalau ugonjwa mmoja wa kuambukizwa hospitalini. Katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambamo yetu imo, ni 15 kati ya kila 100. Katika kila wagonjwa 10 wanaoambukizwa hivyo, mmoja hufa.

Na hapa kwetu? Katika hospitali ya Kilifi, watafiti waliwafuatilia watoto zaidi ya 33,000 waliolazwa kati ya mwaka 2002 na 2009. Walitenganisha wale waliokuja na bakteria damuni kutoka nyumbani na wale waliopata bakteria hao baada ya kulazwa. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2011, yalionyesha kwamba karibu watoto 6 kati ya kila 1,000 waliolazwa waliambukizwa humo humo wodini.

Idadi hiyo yaweza kuonekana ndogo. Lakini tazama kilichowapata watoto hao. Kati ya wale walioambukizwa hospitalini, zaidi ya nusu walikufa: 53 kati ya kila 100. Kati ya wale waliokuja na bakteria damuni kutoka nyumbani walikufa 24 kati ya kila 100, na kati ya wale ambao hawakuwa na bakteria damuni walikufa 6. Kwa maneno mengine, bakteria wa wodini ni wakali kuliko wale wa kijijini. Na hao walionusurika walikaa hospitalini siku nyingi zaidi ya wenzao.

Sababu ya ukali huo haifichiki. Bakteria wanaoishi hospitalini, kama yule aitwaye klebsiela, wamekutana na dawa nyingi na wamejifunza kuzishinda. Dawa ya kwanza haiwaui, ya pili haiwaui, na ile ya tatu iliyo ghali pengine haimo katika stoo ya hospitali. Jamaa huandikiwa cheti waende kuinunua mjini, na usiku unaingia.

Nawapongeza wale wa Kilifi, si kwa sababu hospitali yao ilikuwa mbaya, bali kwa sababu walithubutu kuhesabu na kusema. Ni hospitali ngapi nyingine nchini zinazoweza leo kumwambia mwananchi ni wagonjwa wangapi walioambukizwa damuni mwezi uliopita? Mficha maradhi, kifo humuumbua.

SOMO LA ZAMANI

La kusikitisha ni kwamba dawa ya tatizo hili si siri wala si mpya.

Mwaka 1847, katika hospitali kuu ya mji wa Vienna huko Austria, daktari mmoja aitwaye Ignaz Semmelweis aliona jambo la ajabu. Kulikuwa na wodi mbili za kina mama kujifungua. Moja ilihudumiwa na madaktari na wanafunzi wao, nyingine na wakunga. Katika wodi ya madaktari kina mama walikufa kwa wingi zaidi kwa homa ya uzazi. Kina mama wenyewe walilijua hilo, nao walilia na kusihi wasipelekwe huko.

Semmelweis alitafuta sababu bila kuipata, mpaka daktari mwenzake alipojeruhiwa kwa bahati mbaya na kisu cha mwanafunzi wakati wa kupasua maiti, akaugua na kufa kwa dalili zile zile za kina mama. Ndipo alipofahamu. Madaktari na wanafunzi walikuwa wakitoka chumba cha maiti na kwenda moja kwa moja kuwapima kina mama. Wakunga hawakuwa na kazi huko kwenye maiti.

Akaamuru kila mtu anawe mikono kwa maji yenye chokaa ya klorini. Mwezi wa Aprili mwaka huo, kabla ya amri, walikufa kina mama zaidi ya 18 kati ya kila 100 katika wodi ile. Kufikia Julai alikuwa akifa takribani mmoja kati ya kila 100.

Je, alishukuriwa? La. Madaktari wengi walikasirika kuambiwa kwamba mikono yao ndiyo iliyokuwa ikiua. Semmelweis alidharauliwa, akaishia katika hospitali ya wenye akili zilizochanganyika, na akafa huko mwaka 1865. Kiburi cha aina hiyo hakijaisha. Hata leo kuna daktari ambaye muuguzi akimkumbusha kunawa mikono atajiona ametukanwa.

KARATASI MOJA

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi. Mwaka 2001, Daktari Peter Pronovost wa hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, alichukua karatasi moja na kuandika mambo ya kufanywa kila mgonjwa anapoingizwa mpira kwenye mshipa mkubwa. Hayakuwa mambo mageni. Nawa mikono. Safisha ngozi ya mgonjwa kwa dawa iitwayo kloreksidini. Mfunike mgonjwa kwa kitambaa safi mwili mzima, nawe uvae kofia, barakoa, gauni na glavu. Epuka mshipa wa kwenye nyonga ikiwezekana. Na mpira usiohitajika tena, utoe.

Jambo muhimu zaidi ni kwamba wauguzi walipewa ruhusa ya kumsimamisha daktari yeyote, hata awe mkubwa namna gani, akiruka hatua moja.

Utaratibu huo ulipelekwa katika jimbo la Michigan, na vyumba 103 vya wagonjwa mahututi vilitoa hesabu zao, zikachapishwa mwaka 2006. Kabla ya kuanza, wastani ulikuwa maambukizi 7.7 kwa kila siku 1,000 ambazo wagonjwa walikaa na mipira hiyo. Mwaka mmoja na nusu baadaye wastani ulikuwa 1.4. Angalau nusu ya vyumba hivyo havikuwa na maambukizi hata moja katika kipindi kilichohesabiwa.

Hawakununua mtambo wa mamilioni, wala hawakuvumbua dawa mpya. Walitumia sabuni, kloreksidini, karatasi na nidhamu.

Mwezi wa Mei mwaka 2024, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa kuzuia maambukizi ya damu yanayotokana na sindano na mipira ya mishipa midogo. Shirika hilo lilieleza kwamba hadi wagonjwa 70 kati ya kila 100 wanaolazwa huwekewa sindano au mpira wa namna hii wakati fulani. Kwa hivyo tusidhani kwamba jambo hili ni la wagonjwa mahututi tu. Ni la mwashi aliyevunjika mguu, ni la mama aliyejifungua, ni la mtoto anayeharisha.

SI MUUGUZI PEKE YAKE

Baadhi ya wasomaji watataka nimlaumu muuguzi. Mimi mwenyewe nilikuwa na hasira naye. Siku ile mdogo wangu alipozidiwa nilimfuata na kumwuliza kwa ukali, "Sista, ni nani aliyepaswa kuitoa sindano ile?"

Hakunijibu kwa ukali. Alinionyesha wodi kwa mkono. "Mzee, hawa wote unaowaona usiku huu ni wangu peke yangu," akasema. "Na bomba la wodi halina maji tangu jana."

Niliyageuza macho nikatazama. Vitanda vilijaa, na vingine vilikuwa na wagonjwa wawili wawili. Kwenye sinki palikuwa na ndoo moja ya maji na kipande cha sabuni kilichokwisha. Chupa ya dawa ya kusafishia mikono iliyotundikwa ukutani ilikuwa tupu. Nikarudi kwenye kitanda cha mdogo wangu nikiwa sina la kusema.

Ukimwambia mtu huyo anawe mikono kabla na baada ya kumgusa kila mgonjwa, unamwambia afanye muujiza. Kunawa sawasawa kwa maji na sabuni huchukua sekunde 40 hadi 60. Dawa ya kupaka yenye spiriti huchukua sekunde 20 hadi 30, na haihitaji bomba wala sinki. Ndiyo maana chupa hiyo yapaswa kuwa kwenye kila kitanda, isiwe moja mlangoni. Na haihitaji kuagizwa ng'ambo kwa bei ya kutisha. Shirika la Afya Duniani limeandika namna ya kuitengeneza, na kazi hiyo yaweza kufanywa katika famasi ya hospitali yenyewe.

Sote tunakumbuka mwaka 2020, korona ilipoingia. Mitungi ya maji yenye bomba iliwekwa kwenye kila mlango wa soko, benki na kituo cha matatu. Serikali, makanisa, misikiti na wenye maduka, kila mmoja aliipata pesa ya sabuni. Hofu ilipopungua mitungi mingi ikakauka. Kumbe tuliweza. Tulichokosa ni nia ya kuendelea.

Lakini uchache wa watu na maji usiwe kisingizio cha kila kitu. Kuna makosa yasiyohusu maji. Kuvaa glavu zile zile kutoka kitanda cha kwanza hadi cha kumi si ukosefu wa maji. Glavu humlinda anayezivaa, na zisipobadilishwa hubeba bakteria kama mkono mtupu. Kuacha sindano ya kuvutia dawa imechomekwa kwenye kifuniko cha chupa ili kila mtu aitumie si ukosefu wa maji. Kuitoboa chupa ya dripu kwa sindano ili hewa iingie si ukosefu wa maji. Kupitisha siku tano bila mtu kuutazama mkono wa mgonjwa si ukosefu wa maji. Ni mazoea mabaya, na mazoea huvunjwa kwa usimamizi.

TUFANYE NINI

Kwa maoni yangu, kuna mambo matano yasiyohitaji kusubiri bajeti kubwa.

La kwanza, kila asubuhi daktari na muuguzi wanapopita wodini, kila mgonjwa mwenye sindano au mpira aulizwe swali moja: kinahitajika bado? Jibu likiwa la, kitolewe papo hapo. Na tarehe ya kukiingiza iandikwe kwenye utepe ili kila mtu aione. Kalamu haina gharama. Swali hilo moja lingemwokolea mdogo wangu wiki nne na mama yangu ng'ombe wake.

La pili, serikali za kaunti, ambazo ndizo zinazosimamia hospitali zetu nyingi tangu mwaka 2013, zihakikishe kwamba maji, sabuni na dawa ya mikono vinahesabiwa kuwa vifaa vya lazima kama vile nyuzi za kushonea. Hakuna hospitali inayoweza kufanya upasuaji bila nyuzi. Mbona twakubali ifanye bila sabuni?

La tatu, maambukizi yahesabiwe na kutangazwa. Wizara ya Afya imekuwa na mwongozo wa kitaifa wa kuzuia maambukizi tangu mwaka 2010. Mwongozo mzuri ulio kabatini haumponyi mtu. Kila hospitali ya rufaa na ya kaunti ibandike ukutani, mahali wananchi wanapoona, idadi ya walioambukizwa damuni kila mwezi. Wakubwa watasema tutaogopesha watu. Mimi nasema mwananchi huogopeshwa zaidi na asichoambiwa. Na hospitali isiyokuwa na maabara ya kuotesha damu haiwezi kuhesabu hata ikitaka, kwa hivyo maabara ni sehemu ya kazi hii. Bila maabara kila homa itaitwa malaria, na daktari atabahatisha dawa gizani.

La nne, muuguzi apewe nguvu ya kumsimamisha daktari, na mkubwa wa hospitali asimame naye. Bila hilo, karatasi ya Michigan ni karatasi tu.

La tano, watoto wachanga. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na jirani zetu Tanzania. Watoto waliozaliwa na uzani mdogo waliwekwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, mara baada ya kuzaliwa bila kungoja wapate nguvu kwanza. Waliokufa katika siku 28 za kwanza walikuwa 12 kati ya kila 100, ilhali kwa wale waliotunzwa kwa njia ya kawaida walikufa karibu 16. Hata visa vya kushukiwa kuwa na maambukizi ya damu vilipungua. Mtoto aliye kifuani mwa mamaye huguswa na mikono michache ya wageni, na hunyonya maziwa yanayomkinga. Kifua cha mama hakinunuliwi. Kinachohitajika ni wodi inayomruhusu mama kukaa na mwanawe.

NA SISI JE?

Kidole kimoja hakivunji chawa. Sisi jamaa na wagonjwa tuna sehemu yetu.

Kwanza tuache kudai dripu. Kuna imani katika miji yetu kwamba mgonjwa asiyetundikiwa maji hajatibiwa. Mtu anachoka kazini, anaingia kliniki ya mtaani na kuomba "aongezewe maji", na kliniki inayotafuta pesa haikatai. Mgonjwa anayeweza kunywa na kumeza, kwa kawaida anaweza kutibiwa kwa kunywa na kumeza. Kila sindano isiyo na haja ni mlango uliofunguliwa bure.

Pili, tunapokwenda kutazama wagonjwa, tunawe mikono kabla ya kuwagusa na baada ya kuwagusa. Tusiketi kitandani mwa mgonjwa. Tusiishikeshike sindano yake wala chupa ya dripu, hata ikiwa imekwisha, tumwite muuguzi. Mfuko wa mkojo usiinuliwe juu ya kitanda wala kuwekwa sakafuni. Mwenye mafua au jipu mkononi asubiri apone ndipo aende kutazama mtoto mchanga.

Tatu, tuangalie. Mahali sindano ilipoingia pakiwa pekundu, pamevimba, panauma au panatoa usaha, tuseme siku hiyo hiyo. Mgonjwa akianza kutetemeka kwa baridi, kupumua haraka, kuweweseka au kupunguza mkojo, tusingoje asubuhi. Mtoto mchanga akikataa kunyonya, akilegea, akiwa moto sana au baridi kuliko kawaida, hilo ni jambo la dharura.

Nne, na hili ndilo gumu kwetu, tuulize. Tumelelewa kumheshimu daktari, na heshima ni jambo jema. Lakini kuuliza si kukosa adabu. Mama aweza kusema, "Daktari, samahani, umeshanawa?" Au, "Sista, sindano hii bado ina kazi?" Mama yangu aliuliza mara moja, akajibiwa kwa juujuu, akanyamaza kwa kuwa aliona aibu kusumbua. Mpaka leo hujilaumu. Nimemwambia mara nyingi kwamba kosa halikuwa lake. Angefaa kuulizwa yeye na hospitali, si yeye kuiuliza.

Mdogo wangu amerudi kazini. Mguu uliovunjika umeunga, wala hachechemei. Lakini mvua ikinyesha hushika ule mkono wenye kovu la sindano na kusema unauma. Watu wanaomjua humwuliza habari za mguu. Yeye huwajibu kwamba mguu haukuwa na shida.